UA WA STIMA NA MTEGO WA PANYA

Ndugu Wafanyi Kazi wa Otonglo na wa Kisumu yote,



Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara ya Busia mpaka Otonglo, tazama juu ya kuta kando ya njia. Zamani mwenye mali alipanda minyaa, na aliyeogopa zaidi alipachika vipande vya chupa juu ya ukuta. Baadaye ikaja seng'enge ya miiba, kisha ile ya nyembe. Siku hizi ni stima: nyaya tano, sita, hata nane, juu ya ukuta wa ghala, wa yadi ya mbao, wa gereji, wa kituo cha petroli. Mwenye mali yuko nyumbani kwake, amelala. Sisi ndio tufanyao kazi chini ya nyaya hizo, mchana na usiku, jua na mvua.

Matajiri wasije wakasema ati chama kinatetea wezi. Wizi twaujua kuliko wao. Ghala likivunjwa usiku, mlinzi ndiye apigwaye panga. Asubuhi ndiye apelekwaye polisi kuulizwa. Na mwisho wa mwezi ndiye atafutiwaye sababu ya kukatwa mshahara. Ua mzuri humsaidia mlinzi, na chama hiki hakipingi ua mzuri. Tunachopinga ni waya uliochomekwa moja kwa moja katika stima ya nyumba. Tunapinga pia ua uliofungwa ovyo na mtu asiye na leseni, usio na kibao wala swichi ijulikanayo. Vitu kama hivyo siku moja humwua mfanyi kazi, na tajiri husema ilikuwa bahati mbaya.

Wazee walisema: mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Neno hilo latosha kuwa mahubiri ya leo. Lakini kwa kuwa matajiri hawasikii methali, tutasema nao kwa hesabu na kwa sheria.

STIMA YA KUFUKUZA NA STIMA YA KUUA

Wenzetu wengi hudhani stima ni stima tu. Sivyo. Asiyejua tofauti hawezi kudai haki yake, kwa hiyo na tuanze hapo.

Ua wa halali hauchukui stima moja kwa moja kutoka kwenye soketi. Katikati pana mashini ambayo mafundi huiita enajaiza. Mashini hii hukusanya stima, kisha huitupa kwenye waya kwa pigo moja fupi, halafu hunyamaza. Iko kanuni ya kimataifa ya mashini hizi, iitwayo IEC 60335-2-76, nayo imeweka mipaka. Kati ya pigo na pigo muda usipungue sekunde 1. Pigo lenyewe lisizidi sehemu 10 katika sehemu 1,000 za sekunde. Nguvu ya pigo, likipimwa kwa kipimo cha kanuni hiyo, isizidi jouli 5. Jouli 5 ni kama nguvu ya pakiti ya sukari ya kilo 1 iangukapo kutoka kimo cha nusu mita. Itakuuma, utaruka, pengine utatukana, lakini mkono utaachia, kwa maana katika ile sekunde ya kimya misuli hulegea na mtu hujitoa.

Ua wa namna hiyo huweza kuwa na volti 8,000, na kazi yake ni kumfukuza mtu na kupiga kengele ili mlinzi aamke. Ua wa milima ya Aberdare, ulioanzwa mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2009, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, huwarudisha tembo msituni kwa mapigo kama hayo. Tembo hupigwa, hukasirika, hugeuka akaenda zake akiwa hai. Hata hivyo ua wa halali si kitu cha kuchezea. Mtu akinaswa ndani ya nyaya asiweze kujitoa, au akiwa mgonjwa wa moyo, aweza kuumia vibaya. Ndiyo sababu kanuni haikuishia kwenye mashini, bali imesema pia juu ya vibao, vizuizi na umbali. Tutafika huko.

Sasa utazame ule waya mwingine. Stima ya soketi zetu Kenya ni volti 240. Mtu husema, "Volti 240 ni chache kuliko 8,000, basi zina usalama zaidi." Huo ndio ujinga uuao watu. Stima ya soketi hainyamazi. Mwili wa mtu aliyelowa mvua au jasho huizuia stima kwa kiasi cha omu 1,000 hivi. Piga hesabu: volti 240 ukigawanya kwa omu 1,000 utapata mili-ampia 240. Na kiasi cha mili-ampia 10 tu hukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia alichokishika. Zikizidi 50, zikapita kifuani kwa zaidi ya sekunde moja, moyo huweza kuacha mapigo yake ya kawaida ukatetemeka tu, na mtu akafa. Hapa ziko 240, wala hazikomi.

Tena wengine husema, "Fyuzi itakatika." Hasha! Fyuzi ya ampia 5 haiwezi kukatika kwa stima iliyo chini ya ampia 5. Mtu anayekufa juu ya waya huvuta kama robo ya ampia moja tu. Fyuzi haimwoni. Taa za ghala zitaendelea kuwaka, na redio ndani itaendelea kuimba, naye akining'inia pale nje.

Basi mtu atakayewaambia ati amefunga "stima kidogo tu" kutoka kwenye soketi, mjue kwamba hajafunga ua. Ametega mtego wa watu.

WANAOGUSA NI AKINA NANI?

Tajiri hufikiri mkono utakaogusa waya ni wa mwizi. Lakini mwizi huja amejitayarisha. Amezunguka ukuta siku tatu, ametazama waya unaanzia wapi, na usiku huja na ubao mkavu na koleo lenye mpira. Au huingia kwa lango, amekwisha kusemezana na mtu wa ndani.

Wasiojitayarisha ni sisi. Kibarua anayefyeka nyasi chini ya ukuta, slasha ya chuma mkononi na miguu katika majani yaliyolowa mvua ya masika. Mpaka rangi na ngazi yake ya alumini. Fundi wa paa anayepitisha bati juu ya ukuta kumpa mwenzake. Taniboi anayeshusha mabomba marefu juu ya lori, akigeuka bomba lagusa waya nyuma yake. Mlinzi mpya ambaye hakuna aliyemwonyesha swichi iko wapi. Mama auzaye mitumba nje ya ukuta, anayetafuta mahali pa kufunga kamba ya turubai. Mtoto ambaye mpira wake umeruka.

Tena mahali pengi ua wa chini ni wa mabati. Upepo wa mvua kutoka ziwani wakata waya mmoja, waya waangukia mabati, na mabati yote yashika stima kutoka pembe hii hadi pembe ile. Hapo hata asiyepanda ukuta, aliyeegemea tu akingoja matatu, yumo mtegoni. Hakuna alichoiba. Alichoka tu.

MANENO YAO NA MAJIBU YETU

Neno la kwanza wasemalo ni hili: "Mali ni yangu. Ndani ya ukuta wangu nitafanya nipendavyo."

Twajibu: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yalinda mali, nasi twaiheshimu. Lakini katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 26, yalinda uhai wa kila mtu, na katika kifungu cha 41 yampa kila mfanyi kazi haki ya kufanya kazi katika hali inayofaa. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba mwenye ghala aweza kuweka hukumu ya kifo juu ya ukuta wake.

Wala jambo hili si jipya. Huko Uingereza mtu mmoja alikuwa na bustani ya maua ya bei kubwa, yenye ukuta. Maua yalikuwa yameibwa, kwa hiyo akatega bunduki iliyofungwa kwa nyaya, ili akanyagaye waya ipigwe risasi yenyewe. Alipoulizwa juu ya kibao cha onyo alikataa, kwani alitaka mwizi anaswe. Aliyenaswa hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyepanda ukuta mchana kumfuata tausi wa jirani aliyepotea, akapigwa risasi gotini. Mwaka 1828 mahakama ilisema mwenye bustani alipe. Na sheria yetu ya Judicature yasema kwamba sheria ya kimila ya Uingereza, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, ni sehemu ya sheria ya Kenya mahali isipopingana na Katiba na sheria zetu. Kwa hiyo tajiri anayetega waya wa siri leo anarudia shauri lililoshindwa kabla reli haijafika Kisumu.

Neno la pili: "Lakini Kenya hakuna sheria ya ua wa stima."

Hili ndilo neno wanalolipenda sana, na ndilo la uongo zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikungoja kutaja kila kitu kwa jina. Imesema kwamba mwenye mahali pa kazi sharti ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Haikusema "walioandikwa na yeye peke yake". Mlinzi aliyeletwa na kampuni nyingine yumo. Kibarua wa siku moja yumo. Tena sheria hiyo imesema kusudi lake lingine ni kuwalinda hata watu wasiofanya kazi hapo na hatari zitokazo katika kazi ya hapo. Yule mama wa mitumba na yule mtoto wa mpira wamo. Atakayevunja wajibu huo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili.

Iko pia sheria iitwayo Occupiers' Liability Act, sura ya 34, isemayo kwamba mwenye mahali awatunze ipasavyo wageni wanaoingia kwake, na ategemee kwamba watoto hawana uangalifu kama wa watu wazima. Iko Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, ambayo chini yake kazi ya kufunga stima ni ya watu wenye leseni ya mamlaka ya EPRA. Na iko Kanuni ya Adhabu: kifungu cha 243 chawahusu wanaohatarisha maisha ya wengine kwa uzembe, na kifungu cha 202 chamhusu anayesababisha kifo kwa tendo lisilo halali, hata kama hakukusudia kuua. Adhabu ya kosa hilo la pili yaweza kufika kifungo cha maisha. Je, mtu aliyezungukwa na sheria zote hizo aweza kusema hakuna sheria?

Neno la tatu: "Aliyekufa ni mwizi. Mwizi na afe."

Neno hili twalisikia hata vinywani mwa baadhi ya wanachama wetu, na hapo ndipo tunasikitika. Ndugu, wizi wa kawaida katika Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 3, na hiyo ni baada ya ushahidi, baada ya kujitetea, baada ya hakimu kutazama. Waya hauna masikio. Hausikilizi ushahidi. Hauulizi kama wewe ni mwizi, au mlevi aliyepotea njia, au mlinzi wa zamu aliyeteleza kwenye tope. Anayesema "mwizi na afe" ametia sahihi karatasi ambayo jina la maiti bado halijaandikwa, na huenda likaandikwa lake.

Mwaka 1972 mahakama kuu ya Malodi huko Uingereza iliamua shauri la mtoto wa miaka 6. Mtoto huyo alipita katika ua uliobomoka akafika kwenye reli ya stima, akaungua vibaya. Shirika la reli, British Railways Board, lilisema mtoto huyo hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Ni kweli, hakuwa nayo. Lakini mahakama ilisema shirika lilijua watoto hupita hapo, na utu wa kawaida ulilitaka litengeneze ua. Likalipa. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, lakini akili yake ni akili ya kila mzazi: mtu asiye na ruhusa angali mtu.

Neno la nne: "Mashini ya halali na fundi wa leseni ni ghali."

Hapa sasa wamesema kweli ya moyo wao. Wazee wetu wa Kijaluo waliiita ile senti kumi ya zamani, yenye tundu katikati, otonglo. Basi kuna matajiri waliofika Otonglo wakadhani hata maisha ya mtu hapa ni ya senti kumi. Tuwakumbushe hesabu nyingine. Katika Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, mfanyi kazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea hulipwa mshahara wake wa miezi 96, yaani miaka 8. Aliyekataa kununua mashini mara moja na alipe mshahara wa miaka minane kwa mtu asiyemfanyia kazi tena. Nasi twajua kwamba hata fedha hizo hazimrudishi baba nyumbani.

NENO KWA FUNDI

Fundi wa stima, wewe ni mwenzetu, kwa hiyo tutakuambia bila kuficha. Tajiri hupanda ngazi kwa miguu yako. Akikuambia, "Chomeka tu kwenye soketi, mashini tutanunua mwezi ujao," yeye hatashika waya. Siku ya maiti atasema, "Mimi si mtu wa stima, nilimwachia fundi." Kijana asiye na leseni aliyelipwa chakula na nauli ndiye atakayepandishwa kizimbani kwanza.

Kataa. Sema kazi hiyo huifanyi. Akikutisha kwa kukunyima kazi, njoo chamani. Njaa ya juma moja ni kali, twajua, lakini kifungo ni kirefu kuliko juma.

NENO KWA MLINZI NA KIBARUA

Usijaribu ua kwa mkono wala kwa jani la nyasi. Sikiliza na utazame. Ua wenye mashini ya halali mara nyingi husikika ukigonga tik, kisha kimya, kisha tik, kama saa. Uliza mashini iko wapi, uonyeshwe. Uliza swichi iko wapi, uonyeshwe. Ukiona kamba ya kawaida ya stima imetoka dirishani ikaunganishwa na seng'enge, ondoka hapo, waonye wenzako, umwambie mkubwa wako, tena mbele ya shahidi.

Sheria ya mwaka 2007 imekupa ngao kwa jambo hili. Ukiona hatari kubwa iliyo karibu, umemweleza msimamizi, mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha mahali hapo kabla hajaiondoa hatari. Na ukiondoka kwa sababu ya haki, hana ruhusa ya kukufukuza wala kukubagua kwa ajili hiyo. Siku nyingi tumeona watu wakifukuzwa kwa sababu hawakujua maneno haya. Sasa mmeyajua. Yakateni mkayabandike kibandani.

Ukimkuta mwenzako ameshikwa na waya, usimguse kwa mkono, au mtakufa wawili. Zima stima kwenye swichi kubwa. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu, usiwe wa chuma wala uliolowa. Akiwa hapumui, anza kumbonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na upesi, bila kuacha, mpaka afike mtaalamu. Mwingine naye apige kelele aite gari.

TWADAI NINI

Kamati ya Tawi imekubaliana kwamba madai haya yapelekwe kwa kila mwajiri ambaye wanachama wetu wanafanya kazi ndani ya ua wake:

1. Waya wowote uliounganishwa moja kwa moja na soketi uondolewe siku hiyo hiyo. Hili halina mazungumzo.

2. Kila ua uwe na mashini ya mapigo ifuatayo kanuni tuliyoitaja, iliyofungwa na fundi mwenye leseni, naye aandike karatasi yenye jina lake na tarehe. Afrika Kusini, katika kanuni za mashini za stima za mwaka 2011, imeagiza cheti cha ua kitolewe na fundi aliyeandikishwa. Kinachowezekana Durban chawezekana Kisumu.

3. Mpita njia asiweze kufikia nyaya za stima. Pawe na ukuta au kizuizi cha mita 1.5 angalau baina yake na nyaya hizo. Seng'enge ya miiba au ya nyembe isitiwe stima kamwe, maana hiyo humshika mtu isimwache.

4. Vibao vya onyo vya rangi ya manjano, visivyopungua sentimita 10 kwa 20, viwekwe kila lango na kila baada ya mita 10. Viandikwe kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza, na viwe na picha kwa asiyejua kusoma.

5. Ua ukae mbali na nyaya za nguzoni: mita 3 kwa nyaya za volti zisizozidi 1,000, na mita 4 kwa zile zinazozidi hapo mpaka volti 33,000. Mahali nyua mbili zenye mashini mbili zinapokaribiana, pawe na mita 2.5 kati yake, ili mtu asiguse zote mbili pamoja.

6. Kabla mtu hajafyeka, hajapaka rangi, wala hajapanda paa karibu na ua, stima izimwe, na ufunguo wa swichi ukae mfukoni mwa huyo anayefanya kazi. Usikae kwa nyapara, wala kwa karani.

7. Mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi, kamati ya usalama na afya iliyoagizwa na sheria iwekwe, na ua uwe katika mambo inayoyakagua. Pawe na daftari. Ukaguzi wa kila mwaka uutazame ua kama unavyozitazama mashini za ndani.

8. Mtu akifa, afisa wa usalama kazini wa eneo apewe habari ndani ya saa 24, na barua ndani ya siku 7, kama sheria inavyosema. Waya usiondolewe wala kubadilishwa usiku ili kuficha. Mwanachama atakayeamriwa kuuondoa na aje atuambie.

Katika hayo yote hatukuomba zawadi. Mengine ni sheria iliyokwisha kupitishwa, mengine ni kanuni inayofuatwa na watengenezaji wa mashini zenyewe, na machache yaliyobaki ni akili ya kawaida. Twataka pia maofisa wa serikali waliopewa kazi ya kukagua watoke ofisini. Afisa wa usalama, mkaguzi wa stima, na afisa wa kaunti anayepitisha ramani za majengo, wote hupita barabara hii ya Busia kama sisi. Nyaya ziko juu, zaonekana kutoka kwenye gari. Sharti kila mmoja asimame, ashuke, aulize karatasi.

Wanachama nao wana kazi yao. Kila mmoja, katika juma hili, atazame ua wa mahali pake pa kazi, aandike majibu ya mambo manne: Mashini iko wapi? Swichi iko wapi? Vibao ni vingapi? Fundi ni nani? Ampe mjumbe wake wa chama majibu hayo. Msiogope kwamba hamwandiki vizuri. Penseli na kipande cha karatasi vyatosha. Tukiwa na karatasi hizo mkononi, mwajiri hataweza kutuambia ati twasikia uvumi.

Mtu mmoja akiuliza juu ya waya huitwa mkaidi, na kesho yake hupewa barua. Watu wote wa ghala wakiuliza swali moja siku moja, mwenye ghala hutafuta fundi wa leseni kabla ya jua kutua. Ndiyo maana ya kuwa na chama.

UMOJA NI NGUVU.

Katibu wa Tawi